Gego la mwisho limetoboka: niling'oe au nilizibe?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Makorora hapa Tanga, nina mtoto wa miezi minne ananyonya. Gego langu la mwisho, chini kulia, lina tundu. Nikila kashata au nikinywa maji ya baridi linanichoma, halafu linaachia. Usiku nalala vizuri. Upande huohuo niling'oa gego moja nikiwa sekondari. Daktari wa kwanza amesema jino la mwisho halina kazi, ling'olewe. Wa pili amesema linazibika. Mama mkwe anasema meno yangu kayala mtoto, na nikithubutu kung'oa wakati nanyonyesha nitaharibu macho. Maziwa yasipungue, kila usiku nakunywa uji, na jino hili nisingependa linikoseshe amani. Nifuate la nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Kwa jinsi ulivyoeleza, jino lako ningeliziba kwanza. Ila nisingependa mtu yeyote aliguse kabla halijapigwa picha ya eksirei, na picha hiyo ioneshe jino lenyewe pamoja na lile la mbele yake. Madaktari wako hawapingani sana kama unavyodhani. Wa kwanza amekujibu kama ambavyo wengi wetu tungemjibu mtu mwenye magego yake yote. Wa pili, nadhani, ameliangalia pengo lako.

Ukitazama kadi yako ya matibabu utaona meno yameandikwa kwa namba mbilimbili. Tarakimu ya kwanza ni sehemu ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati mbele kurudi nyuma. Chini kulia ni 4, na gego la mwisho ni la nane, kwa hiyo jino lako linaitwa 48. La mbele yake ni 47. Ulilong'oa sekondari, nina hakika karibu yote, ni 46. Hilo 46 huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka ili kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, litatoka tu, hivyo hawalishughulikii mpaka linaoza. Hapa Tanga pengo la 46 ni jambo ninaloliona kila siku, na inaniuma, kwa sababu ndilo gego lenye kazi kubwa kuliko yote upande wake.

Sasa, kwa mtu mwenye 46 na 47 imara, 48 huwa halimwongezei mengi. Limekaa mahali ambapo mswaki unafika kwa shida, kuliziba ni kazi, na mara nyingi baada ya muda linaoza tena pembeni ya pale palipozibwa. Huyo nikimwambia aling'oe sitakuwa nimemkosea. Kwako hesabu ni nyingine. Upande wa kulia unatafunia magego mawili tu ya chini. Ukiondoa 48 unabaki na moja, tena hilo lenyewe kwa miaka hii yote limekuwa likiinama taratibu kuelekea kwenye pengo, maana meno huwa yanasogea kufuata nafasi iliyo wazi. Na siku ukitaka kuweka jino bandia la kuchomoa pale penye pengo, litahitaji jino la kushikilia mbele na jino la kushikilia nyuma. Leo la nyuma ni 47. Likija kupotea, 48 ndilo litakalobaki kulishikilia. Lisipokuwepo, meno ya bandia yataegemea ufizi mtupu kwa nyuma, yatacheza kila unapotafuna, na wengi huishia kuyaweka kabatini.

Hilo ni jambo la kwanza la kumwuliza daktari: je, 48 langu linakutana na jino la juu ninapouma? Ana karatasi nyembamba ya rangi. Ukiuma juu yake mara kadhaa, alama inabaki pale meno yanapogusana. Gego la chini lisilogusana na kitu juu halitafuni chochote, na hapo hoja ya daktari wa kwanza inapata nguvu.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nisisitize picha. Tundu liko upande gani wa jino? Kama liko juu, kwenye uso wa kutafunia, kazi ni nyepesi. Kama liko upande wa shavu, inawezekana, japo shavu hubana. Kama liko nyuma kabisa chini ya ufizi, sahau kuziba, hakuna mkono utakaofika huko na kuacha kazi safi. Na kama liko mbele, pale 48 linapogusana na 47, basi usiulize habari za 48 peke yake. Mahali hapo chakula hunasa, na mara nyingi meno yote mawili yanaoza kwa pamoja, huku lile la mbele likioza kimyakimya kwenye mgongo wake ambapo kioo cha daktari hakioni. Wapo watu wanaokuja na malalamiko ya 48 wakati jino linalokaribia kufa ni 47.

Ikiwa picha itaonesha mgongo wa 47 umeanza kuoza lakini bado unatibika, na 48 limeinama na kulilalia, nitageuza maneno yangu na kukushauri ung'oe 48 ili 47 liokolewe. Kati ya hayo mawili, 47 ndilo la kulinda. Ikiwa kinyume chake 47 limeoza mpaka haliponi, basi 48 linapanda thamani ghafla, na kulitibu kwa gharama yoyote unayoiweza kunakuwa na maana. Ndiyo maana simlaumu daktari yeyote anayebadili ushauri baada ya kuona picha. Kwa kuziba, inatosha ile picha ndogo inayowekwa ndani ya mdomo. Kwa huko nyuma hukera kidogo na huleta kichefuchefu. Vuta pumzi kwa pua na unyanyue mguu mmoja juu ya kiti wakati inapigwa, akili inahamia huko. Ikifika kwenye kung'oa, omba ile kubwa inayozunguka taya zima. Anza idara ya kinywa na meno pale hospitali ya Bombo, uwaulize kuhusu picha hizo.

Jambo la tatu ni kiini cha jino, yaani ile sehemu laini ya katikati yenye damu na mishipa ya fahamu. Hapa umenipa habari njema bila kujua. Maumivu yanayokuja na kitamu au baridi kisha yakaondoka mara moja yanaonesha kiini kimekerwa lakini bado kizima. Jino la hivyo, likizibwa vizuri, hutulia. Kiini kilichoharibika kina tabia tofauti: maumivu yanakuja yenyewe bila kula kitu, yanapwita, yanakuamsha usiku, chai ya moto inayaamsha na yanabaki dakika nyingi baada ya chai kwisha. Ukifika huko, kuziba juu tu ni kulifungia tatizo ndani. Yanabaki mambo mawili, kusafisha mizizi au kung'oa. Na kusafisha mizizi ya gego la mwisho ni kazi ngumu hata kwa bingwa: mizizi yake hupinda na kuungana inavyotaka, na vifaa vinatakiwa kuingia mahali ambapo hata kidole kinabanwa. Mimi huipendekeza pale tu jino lenyewe linapohitajika kweli.

Daktari atahakikisha hayo kwa vipimo viwili vya haraka. Atagusisha pamba yenye ubaridi mkali kwenye jino, na utamwambia umesikia lini na limeachia lini. Halafu atakigonga kichwa cha jino kwa mpini wa kioo. Likiuma kwa kugongwa, uvimbe umeshafika kwenye ncha ya mzizi. Usijikaze kiume pale, sema ukweli. Jibu lako ndilo kipimo.

Tuseme yote yamekaa sawa na unaziba. Kabla hujaenda, simama mbele ya kioo ufungue mdomo, upange vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu, mashine itafika nyuma. Vikiingia viwili tu, mwambie daktari mapema.

Adui wa kuziba huko nyuma ni mate. Ile dawa nyeupe inayogandishwa kwa mwanga wa bluu inataka jino kavu kabisa, na chini nyuma, kati ya ulimi na shavu, ukavu ni shida kuupata. Kwa hiyo usishangae daktari akichagua aina ya saruji iitwayo glasi ionoma. Haina uzuri wala ugumu wa ile nyingine, lakini inavumilia unyevu kidogo, inashikamana na jino yenyewe, na inatoa floraidi. Kwa 48, ambalo hakuna atakayeliona ukicheka, mimi naipenda. Tena ujue kwamba njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, yaani kukwangua uozo kwa kijiko kidogo chenye makali na kujaza saruji inayonata, ilianzia hapa kwetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye kazi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye ikakubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mtu akikuzibia kwa kukwangua kwa mkono, usidhani amekufanyia kazi ya kimaskini.

Akikwangua pia hatamaliza uozo wote ikiwa tundu limeenda ndani. Kingo atazisafisha mpaka ziwe ngumu, lakini juu ya kiini ataacha tabaka jembamba, gumu kiasi kama ngozi, kisha afunike. Hilo ni la makusudi. Wadudu waliofungiwa bila chakula hudhoofika, na kiini hakitobolewi. Jino linaweza kukukumbusha kwa wiki mbili tatu ukinywa baridi. Likizidi badala ya kupungua, rudi.

Jambo moja dogo: kama umekuwa ukiweka mafuta ya karafuu, mwambie daktari. Karafuu inatuliza kweli, na kiungo chake cha yujenoli tunakitumia wenyewe kwenye saruji ya muda. Lakini mabaki yake yanaizuia ile dawa nyeupe kuganda inavyotakiwa. Na nakuomba, kwa yeyote atakayekushauri maji ya betri au kidonge cha aspirini kilichosagwa juu ya ufizi, kataa. Vinachoma nyama, na jino linabaki na uozo wake.

Utaling'oa lini basi? Kama kiini kimekufa na jino halina la kukutana nalo. Kama tundu limeshuka chini ya ufizi. Kama limelalia 47 na kulidhuru. Kama ufizi umelifunika nusu na unavimba tena na tena. Kwako sidhani, ungelisema. Kama mswaki haufiki hata ukijitahidi, kwa maana hakuna dawa ya kuzibia inayodumu mahali pasiposafishwa. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2000 mwongozo wao unakataza kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa, na kati ya sababu wanazozikubali ni uozo usioweza kuzibwa. Angalia hayo maneno vizuri, usioweza kuzibwa. Tundu peke yake halitoshi.

Ikiamuliwa hivyo, usiogope kupita kiasi, na usichelewe miaka. Mfupa wa mtu wa miaka 31 bado unaachia kwa urahisi kuliko wa miaka 50. Utachomwa ganzi, utasikia kusukumwa na kukandamizwa, maumivu hapana, na ukiyasikia nyanyua mkono uongezewe. Chini ya mizizi ya 48 unapita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu, ndiyo sababu ya picha kubwa. Watu wachache hubaki na ganzi ya mdomo kwa wiki au miezi, na wanaobaki nayo moja kwa moja ni chini ya mmoja katika mia. Daktari akiona mzizi umegusana na mshipa huo, aseme, na akupeleke kwa mpasuaji wa kinywa.

Baada ya kung'oa, bana pamba kwa nusu saa bila kuifungua kuchungulia. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, na dafu usilinywe kwa mrija. Damu iliyoganda pale ndiyo bandeji yako, na ikinyonywa ikatoka mfupa unabaki wazi. Hapo ndipo watu wanapopata yale maumivu ya siku ya tatu au ya nne yanayopanda mpaka sikioni, yenye harufu mbaya. Ukiyapata rudi ukasafishwe na kuwekewa dawa kwenye pengo, usikimbilie duka la dawa. Uvimbe wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Kula uji uliopoa, bokoboko, bada laini kwa upande wa kushoto. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi anza siku ya pili.

Kuhusu mama mkwe, mjibu kwa heshima, maana wasiwasi wake ni wa mapenzi. Mishipa inayohudumia meno na ule unaoona ni mishipa tofauti kabisa, na kung'oa gego hakuondoi nuru ya jicho. Mtoto naye hakula meno yako. Chokaa ya kumjenga inatoka kwenye chakula chako na kwa muda kwenye mifupa yako, ambayo hurudishia baadaye. Jino haliwezi kutoa chokaa yake likaipa damu. Kilichokula jino lako, mwanangu, nadhani ni ule uji wa usiku, ikiwa una sukari. Kila ukinywa kitamu, kinywa kinakuwa na asidi kwa nusu saa au zaidi mpaka mate yaisafishe, na usingizini mate hupungua sana. Uji unywe, mwili wako unauhitaji kwa ajili ya maziwa, ila wa usiku wa manane usitie sukari wala tende, kisha shushia maji. Kabla ya kulala piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, teme, usisukutue. Kwa 48 tumia mswaki wa mtoto wenye kichwa kidogo, na ufunge mdomo nusu ili shavu lilegee. Ukiupanua sana shavu linakaza na mswaki haupiti. Mswaki wa mti una faida zake, lakini kwa mgongo wa gego la mwisho haufiki.

Kitu cha kuogopa ni hiki. Mizizi ya gego la mwisho la chini inashuka chini kuliko misuli inayobeba ulimi, na usaha wake ukitoboa mfupa unaweza kwenda shingoni. Shingo ikivimba chini ya taya, ulimi ukinyanyuka, mate yakishindikana kumeza, mdomo ukigoma kufunguka, homa, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi wala zamu yako ya kliniki. Nenda dharura usiku huohuo. Amoksilini ya dukani haitoshi hapo. Wala haiponyi jino linalouma bila uvimbe, kwa sababu dawa hiyo haifiki ndani ya kiini kilichokufa, na ukiizoea bure utaikosa siku utakapoihitaji.

Kwa unyonyeshaji: ganzi inayotumika kwa meno haina shida, picha haina shida, na huna haja ya kumwaga maziwa. Mnyonyeshe kabla hujaingia, ukitoka unaweza kumpa tena. Kwa maumivu, parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku, na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 ukishakula, kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu. Hizo mbili zinatumika pamoja na zinashinda dawa nyingi kali. Mweleze daktari kwamba unanyonyesha kabla hajaandika chochote, na akitaja kodeini au tramadoli mwombe nyingine, kwa kuwa zinapita kwenye maziwa na zinaweza kumlevya mtoto mpaka pumzi yake ipungue.